Terry Riley, saksafoni, na bendi ya mizimu

MPWA: Haya jamani tumerudi, ni mie na mjomba wangu, tuko uani kwake Ngamiani hapa Tanga, mkisikia jogoo msishangae, huyo ndo mwenye nyumba. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba. Wasikilizaji hamjambo. Huyo jogoo mwambieni Ijumaa haiko mbali.

MPWA: Leo tuna Terry Riley. Mmarekani, mtunzi wa muziki, kazaliwa 1935 huko Colfax, California. Wengi wanamjua kwa In C, utunzi wake wa mwaka 1964, ule wa vipande 53 vifupi, kila mpigaji anakirudia kipande chake mpaka atosheke ndo anahamia kingine. Mie leo sitaki kukaa hapo. Nataka ile saksafoni yake.

MJOMBA: Saksafoni gani? Maana sie hapa tumekulia dansi, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, mie nikisikia saksafoni namuona mtu na suti anangoja zamu yake apulize.

MPWA: Yake soprano mjomba, ile iliyonyooka kama zumari. Tena hangoji zamu, yuko peke yake. Ila kabla hajaishika kuna kisa cha Paris. Mwaka 1963 yuko Ufaransa, anajipatia riziki kwa kupiga piano kwenye klabu za wanajeshi wa Kimarekani, maana hata San Francisco alikuwa anapiga piano baa huku anasoma chuo. Sasa Paris akapewa kazi ya muziki wa mchezo wa jukwaani, mpiga tarumbeta ni Chet Baker, na Chet Baker huyo miaka michache nyuma alikuwa jela Italia. Wakaingia studio ya redio ya Ufaransa, Riley akamwambia fundi mitambo, mzee kavaa koti jeupe kama daktari, mie nataka sauti ijirudie, ijirudie, isikatike.

MJOMBA: Na fundi akamwelewa?

MPWA: Akachukua teprekoda mbili akazifunga mkanda mmoja.

MJOMBA: Ngoja. Ngoja hapo hapo. Mkanda mmoja mashine mbili?

MPWA: Si ndo nakuletea wewe fundi utueleze!

MJOMBA: Aaah, bas nimeshaiona. Sikilizeni, teprekoda ya rili ina rili mbili, moja inatoa mkanda moja inapokea, katikati kuna hedi, kile kichwa kinachorekodi au kusoma sauti kwenye mkanda. Huyo mzee rili ya kupokea ya mashine ya kwanza kaiacha tupu, mkanda ukishapita kwenye hedi ya kurekodi unakatiza hewani mpaka mashine ya pili, kule ndo unasomwa na ndo unakunjwa. Mkanda ukikimbia sentimita 19 kwa sekunde na mashine umeziweka mita moja na nusu hivi, ukipuliza sasa unajisikia baada ya sekunde kama 8. Halafu ile sauti ya mashine ya pili anairudisha kwa waya mashine ya kwanza, inarekodiwa tena pamoja na mpya, ikirudi imefifia kidogo, na tena, na tena.

MPWA: Na ukikosea noti?

MJOMBA: Kosa lako litakuja kukusalimia kila baada ya sekunde 8 mpaka lichoke lenyewe. Lo! Unajua mie miaka ile mteja akileta mashine ina mwangwi nafungua, napiga hedi spiriti, naichomelea upya, naiondoa hiyo kasoro nalipwa, kumbe kuna mwenzangu anaitafuta kwa tochi.

MPWA: Ndo maana nampenda mie. Watu wakisikia muziki wa elektroniki wanadhani ni kompyuta, mataa mataa. Huyu ni teprekoda, kitu kilikuwa mpaka hapa barabara ya kumi na mbili! Mwenyewe akauita mtambo wake jina refu, tuseme kilimbikiza-mwangwi. Akarudi Amerika, In C ikapigwa San Francisco Novemba 1964, halafu ndo akaanza soprano, akaipuliza mbele ya huo mtambo. Kuna rekodi ya 1969, upande wa pili wa santuri unaitwa Poppy Nogood and the Phantom Band, yaani bendi yenyewe ni mzimu, hakuna mtu, ni yeye na ogani na mkanda.

MJOMBA: Sie mizimu yetu iko mapangoni Amboni, ya kwake iko kwenye rili. Sasa nikuulize, si anajirudia tu huyo? Hata kasuku anarudia.

MPWA: Hapana mjomba, sikiliza vizuri. Anapuliza noti nne, anangoja, zinarudi, sasa inabidi apulize kitu kitakachokaa nazo, maana hawezi kuziambia nyamazeni. Ni kama anajibizana na mtu ambaye ni yeye wa sekunde nane zilizopita. Dakika ya kwanza unamsikia mtu mmoja, ya tano unasikia kundi zima la zumari, ukimtafuta aliyeanza humpati.

MJOMBA: Hapo sawa. Hapo umenijibu.

MPWA: Na alikuwa anakesha! Mwaka 1967 huko Philadelphia kapiga usiku kucha mpaka jua, watu wamekuja na machela za kuning'iniza na mifuko ya kulalia.

MJOMBA: Kukesha sie hatufundishwi na mtu. Maulidi, harusi, taarabu ya Black Star mpaka alfajiri. Ila hao walikuwa wengi wanapokezana, huyu wa peke yake haja akaenda saa ngapi?

MPWA: Hahaa! Akichoka anaachia vipande vya saksafoni alivyorekodi usiku ule ule vizunguke, yeye anapumzika. Na kinanda chake cha kupuliza hewa kwa mkono alikifungia mota ya mashine ya kufyonza vumbi.

MJOMBA: Huyo fundi! Huyo ni fundi kabisa, mwanamuziki baadaye.

MPWA: Kinachoniuma ni kwamba saksafoni hakukaa nayo. Kuanzia 1970 akawa mwanafunzi wa Pandit Pran Nath, mwimbaji wa Kihindi, akamfuata mpaka mzee alipofariki 1996, akazama kwenye sauti na vinanda. Kafanya makubwa, kaiandikia Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa vyombo vya nyuzi, kazi nyingi, mpaka moja ya 2002 yenye sauti kutoka NASA, shirika la anga la Marekani. Lakini mie ningemuomba ile soprano miaka kumi zaidi.

MJOMBA: Mpwa, ndani nina teprekoda mbili za rili, unajua?

MPWA: Zinafanya kazi?!

MJOMBA: Moja inakimbia. Ya pili mpira wake wa mota ulishakufa.

MPWA: Mpira wa mota siku hizi utaupata wapi.

MJOMBA: Tanga hii ikose tyubu ya baiskeli? Lete mkasi huo.