Magneto ya Trekta la Zamani: Usiifungue Kabla Hujaipima
(Mhadhara kwa mafundi na wakulima, Urambo, Tabora)

Shikamooni wazee wangu, vijana, hamjambo.

Trekta si mgeni Urambo. Lilikuja na mradi wa karanga wa mkoloni, ule ulioanza 1947 na kufutwa 1951, likabaki kwenye tumbaku. Leo nazungumzia yale ya zamani ya petroli na mafuta ya taa peke yake. La dizeli kwa kawaida halina plagi ya cheche wala magneto, kwa hiyo mwenye la dizeli anaweza kwenda kunywa chai.

Magneto ni jenereta ndogo isiyotaka betri. Sumaku inazunguka jirani na koili yenye nyaya mbili: mnene wa mizunguko michache, na mwembamba wa maelfu ya mizunguko. Platini, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, zikifunguka, umeme wa ule mnene unakatika ghafla, na mwembamba unatoa umeme mkali wa kuruka kwenye plagi. Kondensa inasaidia umeme ukatike upesi na platini zisiungue.

Sasa, trekta limegoma. Fundi mwenye haraka anaifungua magneto yote juu ya turubai. Msifanye hivyo. Kwanza chomoeni waya wa kuzimia. Magneto huzimwa kwa kupeleka umeme wake kwenye bodi, yaani chuma cha injini, na waya ukichubuka ukagusa chuma, cheche inakufa ingawa magneto ni nzima. Mkiuchomoa cheche ikarudi, kazi imeisha: badilisheni waya au swichi.

Halafu pimeni cheche. Vueni waya mmoja wa plagi, mshike kwa koleo lenye mpira, ncha iwe milimita 5 kutoka kwenye bodi. Msiuache waya ukining'inia mbali na chuma. Umeme usiopata njia hutoboa insulesheni ya koili kwa ndani, na hapo mnakuwa mmeua kizima kwa kukipima. Anayezungusha handeli ya kuwashia aweke gumba upande mmoja na vidole vingine, avute kwenda juu, asisukume chini. Injini ikirusha handeli nyuma, gumba lililozungushwa upande wa pili linavunjika.

Wakati wa kuzungusha sikilizeni. Lazima isikike "ta!" kila cheche inapotoka. Huo ni mlio wa kaplingi ya springi, inayoishikilia sumaku kidogo kisha kuiachia kwa nguvu. Inafanya mambo mawili: cheche inakuwa kali ingawa mkono ni mzito, na inachelewa mpaka pistoni ifike juu. Msiposikia mlio, acheni kuzungusha, maana cheche ya mapema ndiyo inayorusha handeli. Mara nyingi ni oili iliyoganda kwenye vikucha vyake vya kushikia. Osheni kwa petroli, kausheni, tieni matone mawili matatu ya oili nyepesi. Grisi hapana; ndiyo inayovigandisha tena.

Kama cheche bado ni dhaifu, fungueni kifuniko mtazame platini. Zisuguliwe kwa tupa laini ya platini, si kwa msasa. Chembe za msasa hujichimbia kwenye chuma na kuzuia umeme. Malizieni kwa kupitisha karatasi safi katikati yake. Nafasi ipimwe kwa filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, platini zikiwa wazi kabisa: magneto ya Lucas ni milimita 0.30, ya Wico 0.38. Msikisie kwa jicho. Kwenye magneto nafasi hiyo ndiyo inayoamua platini zifunguke sumaku ikiwa imefika wapi. Ikikosewa, cheche inadhoofika hata kama kila kitu kinang'aa.

Kwenye kifuniko tafuteni mchirizi mweusi mwembamba kama njia ya sisimizi. Hiyo ni kaboni, umeme unakimbilia humo badala ya kwenda kwenye plagi, na kufuta hakusaidii sana, kibadilisheni. Angalieni pia vitundu vya hewa. Nyigu huvipenda kwa kujengea udongo, na vikizibwa, unyevu wa masika unabaki ndani na shaba inaota kutu ya kijani.

Ugonjwa unaowachanganya wengi ni huu: asubuhi linawaka vizuri, linalima nusu saa, linazima, halikubali mpaka lipoe. Karbureta inafunguliwa mara nne bure. Pimeni cheche palepale likiwa la moto. Ikiwa imepotea, mshukiwa wa kwanza ni kondensa na wa pili ni koili, kwa sababu joto hutanua waya uliokatika au kufungua ufa wa insulesheni. Anzeni na kondensa, ndiyo rahisi. Platini zinazorusha cheche kubwa za buluu na kuungua upesi nazo zinaituhumu hiyohiyo.

Sumaku msiigonge wala msiipashe moto. Zile za zamani zenye umbo la kwato, kabla ya kuchomoa rota wekeni kipande cha chuma kuunganisha ncha zake, la sivyo nguvu inapungua.

Kurudisha magneto: toeni plagi namba 1, zibeni tundu kwa kidole, zungusheni polepole mpaka hewa isukume, kisha mfikishe pistoni juu kabisa. Zungusheni magneto kwa mkono mpaka "ta" itoke kile kirota cha kugawa cheche kikielekea waya namba 1, ifungeni hapo. Mpangilio wa silinda kuwaka msiuazime kwa trekta la jirani: Fordson E27N ni 1-2-4-3, Farmall za silinda nne ni 1-3-4-2. Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.6, na nyaya ziwe za shaba ndani. Zile za kaboni za magari ya siku hizi zinaila cheche kabla haijafika.