Barua ya Margaret Paston, na Kiingereza tusichofundishwa

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: anayetaka kujua Waingereza wa zamani walivyozungumza, sarufi aiweke kando kwanza. Aanze na barua.

Nawaletea moja tu. Mwaka 1448, huko Norfolk, Uingereza, Margaret Paston anamwandikia mumewe, John, aliyekuwa mbali na nyumbani. Bwana mmoja mwenye nguvu, Lord Moleyns, anaing'ang'ania milki yao ya Gresham, na mama huyu anaona mapigano yanakuja. Anamwomba mumewe pinde za kifyatuo pamoja na mishale yake, kwa sababu nyumba zile ni za chini mno, mtu hawezi kuvuta upinde mrefu akiwa ndani. Halafu, katika barua hiyohiyo, anaagiza ratili moja ya lozi, ratili moja ya sukari, na kitambaa cha kumshonea mtoto kanzu. Vita na jiko kwenye karatasi moja!

Sasa tazameni anavyokanusha. Anaanza na “non man”, yaani hakuna mtu, mbele kidogo anaweka “no long bowe”, yaani hakuna upinde mrefu. Kanusho mbili katika sentensi moja, na maana haikugeuka hata chembe. Mimi nilisimamishwa mbele ya darasa kwa kusema “I don't know nothing”, nikimaanisha sijui lolote. Mwalimu akaniambia kwamba kanusho mbili huzaa kukubali, na kwamba hayo ni maneno ya wasiosoma. Kumbe ni maneno ya bibi mwenye milki, miaka zaidi ya 300 kabla Robert Lowth hajaichapa sarufi yake ya 1762, ambayo katika toleo lililofuata ilitangaza kwamba kanusho mbili huuana.

Najua yupo anayetaka kunikatiza: mama huyo hakushika kalamu, aliyeandika ni karani! Kweli, barua zake, zaidi ya 100, zimo katika miandiko ya watu mbalimbali. Basi na tuzilinganishe. Akibadilika karani, tahajia hubadilika, na kinachobaki palepale kina uzito. Na karani naye si alikuwa na ulimi wake? Tusitupe ushahidi kwa kuwa umepita mikononi mwa watu wawili.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akina Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg, walikusanya maelfu ya barua za namna hii na kuhesabu. Waliona kwamba kanusho maradufu zilianza kupungua mapema, kabla Lowth hajazaliwa, na walioongoza katika kuziacha ni wanaume wenye elimu na vyeo. Lakini kiishio “-th” cha vitenzi kilipokipisha “-s”, kama “maketh” kuwa “makes”, wanawake ndio waliotangulia. Sarufi gani ingetuambia hilo?

Nilitaka tukae na kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey ya London, za 1674 hadi 1913, tuwasikie wezi na mashahidi wakihojiwa, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Niseme hili moja kwa wanafunzi wa Kiswahili mlioko hapa: huko Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za mwanzoni mwa karne ya 18, kwa hati ya Kiarabu. Nani kati yenu ameanza kujifunza kuisoma hati hiyo? Inueni mikono, niwaone.