Utumbo Unapotuama: Mhadhara Kuhusu Bakteria Kuzidi Katika Utumbo Mwembamba

Wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu, masalkheri nyote.

Nitaanza na mkoba. Mama mmoja wa makamo, mkaazi wa hapa hapa Mombasa, alipokaa mbele yangu alimimina mkoba wake juu ya meza, zikatoka karatasi saba za omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nyingine tupu, nyingine nusu, pamoja na kichupa cha mafuta ya habasoda. Kwa miaka mitatu alikuwa akitibiwa vidonda vya tumbo ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima. Shida yake ilikuwa kwamba asubuhi tumbo huwa limetulia, lakini akishakula mahamri na mbaazi hufura hadi akalazimika kulegeza leso, likaunguruma, kisha akaharisha.

Utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, ndio unaofyonza sehemu kubwa ya chakula chetu. Sehemu yake ya juu kwa kawaida ina bakteria wasiofika 1,000 katika mililita moja ya majimaji yake, ilhali utumbo mpana hubeba mabilioni katika kipimo hicho hicho. Bakteria hao wa utumbo mpana hutufaa sana. Ubaya huja wanapojazana pale juu, wakakiwahi chakula kabla yetu na kukichachua. Kila aliyewahi kuumua unga wa mahamri anaijua kazi ya hamira ikipata sukari na joto, isipokuwa humu tumboni gesi nyingi ni haidrojeni, na hakuna wa kuusukuma unga ule. Wakizidi sana, huharibu nyongo, mafuta yakapita bila kufyonzwa, na hutunyang'anya vitamini B12, mtu akaishia na upungufu wa damu na ganzi miguuni.

Kinachowazuia ni asidi ya tumbo, nyongo yenyewe, na zaidi ya yote mwendo wa utumbo. Tukiwa na njaa, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hupita wimbi la misuli linalofagia mabaki kuelekea utumbo mpana, nalo hukatika mara tu tunapokula. Wimbi hilo hudhoofika kwa mwenye kisukari cha miaka mingi kilichodhuru neva, na kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya morfini. Makovu ya upasuaji nayo huweza kuziba njia. Dawa za kupunguza asidi zikimezwa miaka nenda miaka rudi huongeza hatari pia. Sitasema kwamba kashata na viazi karai vya kutafunwa kutwa nzima ndivyo vinavyoleta ugonjwa, ila havilipi wimbi nafasi.

Hata hivyo, si kila tumbo linalojaa lina tatizo hili, na hapa naomba tuwe waangalifu. Watu wazima wengi wa Afrika hawaimeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, na kimelea cha giardia hutoa dalili zile zile. Kwa hiyo mimi huanza na kupima choo, na kumwomba mtu aache chai ya maziwa kwa wiki mbili. Anayekonda au kuona damu chooni achunguzwe haraka. Kipimo chenyewe ni cha pumzi: mtu hulala na njaa, hunywa glukosi au laktulosi, ambazo ni aina za sukari, kisha hupuliza kila baada ya muda mfupi, na haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi katika milioni ndani ya dakika 90, huhesabiwa kuwa ipo dalili.

Tiba ni antibiotiki ya kuandikiwa na daktari, mara nyingi rifaximini, ambayo hubaki utumboni bila kuingia sana katika damu. Wanaotoa gesi ya methani katika pumzi, ambao kwa kawaida hufunga choo, huhitaji mpango mwingine. Wengi hurudiwa ndani ya miezi michache, na sioni ajabu: umewaua bakteria, lakini kilichowatuamisha hukukigusa. Kupunguza mbaazi, maharagwe, vitunguu na ngano kwa wiki chache hutuliza gesi. Kuviacha maisha ni kujinyima bure.

Nimeulizwa mlangoni kama saumu ni dawa. Huupa utumbo saa nyingi za kujifagia, lakini sijaona ushahidi kwamba inaponya, na mwenye kisukari asifunge kabla ya kumwona daktari wake.

Yule mama tulimpima sukari, ikawa juu, na ya muda mrefu. Omeprazoli tulimpunguzia kidogo kidogo, maana kuikata ghafla huwasha kiungulia upya. Baada ya dawa na kuisimamia sukari, alirudi kuniuliza kama mbaazi ameruhusiwa. Nikamwambia nusu bakuli, na kitunguu asubiri kwanza.