Chuma cha Anfield na Penalti Iliyomponza

NEEMA: Kaka Bakari, leo umeniletea beki gani?

BAKARI: Tommy Smith wa Liverpool, ambao uwanja wao ni Anfield. Ila naanzia mwishoni. Uwanja wa Wembley, London, 1996, siku ya fainali ya Kombe la FA. Liverpool na Manchester United.

NEEMA: Ile ya goli la Cantona wa United! Usinikumbushe.

BAKARI: Pole. Basi siku hiyo Smith, miaka 51, akapiga penalti ya kuburudisha mashabiki. Mkwaju mmoja tu. Wahusika wa mafao ya serikali wakasikia, wakamkatia posho yake ya ugonjwa.

NEEMA: Kisa kapiga mpira?

BAKARI: Ndiyo. Na mtu mwenyewe baridi yabisi imeshammaliza viungo. Baadaye hata magoti walimwekea ya bandia.

NEEMA: Mtu wa kutembea kwa shida, ila mpira uliosimama ukiwekwa mbele yake anaupiga. Sasa wewe ulitaka akatae, mbele ya Wembley nzima?

BAKARI: Hata mimi ningepiga. Tena huyu alikuwa hajui kukataa. Mechi 638 Liverpool, dada! Enzi zile goti likiuma unachomwa sindano ya kotisoni ya kutuliza maumivu, unafunga bandeji, unarudi uwanjani. Kocha Bill Shankly anatajwa kusema Smith hakuzaliwa, alichongolewa kwenye machimbo ya mawe.

NEEMA: Kwa hiyo mtu wa rafu.

BAKARI: Rafu ilikuwepo, nisimtetee. Lakini wanaomweka kwenye kapu la wavunja miguu wanamwonea, mpira aliujua. Roma, 1977, fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Borussia Mönchengladbach. Ubao unasoma moja moja. Steve Heighway anachonga kona, beki mzee wa miaka 32 anatokea huko nyuma, kichwa, wavuni! Ikaisha 3-1, Liverpool wakabeba kombe hilo kwa mara ya kwanza.

NEEMA: Na mwaka uliofuata wakalibeba tena.

BAKARI: Bila yeye. Nadhani utacheka. Washambuliaji wote wa Uingereza wameshindwa kumvunja, yeye akajiangushia sururu mguuni.

NEEMA: Sururu hii hii ya kulimia mtaro?

BAKARI: Hiyo hiyo. Fainali ya 1978 ikampita hivyo.

NEEMA: Jamani! Na uzee wake?

BAKARI: 2014 akagundulika ana ugonjwa wa kusahau. Akafariki Aprili 2019, miaka 74.

NEEMA: Mapumziko mema. Haya, kuna msikilizaji wa Tabata anauliza: kwa waamuzi wa leo na VAR yao, ile video ya marudio, Smith angemaliza mechi?

BAKARI: Mwambie angemaliza dakika kumi. Tena hapo nimemwekea na za nyongeza.