Aliyemaliza Mapema Apewe Nini?

Walimu wenzangu wa Tanga, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za mchana.

Kipindi ni dakika 40. Umeandika ubaoni maswali 10 ya asilimia. Dakika ya 12 mtoto mmoja kamaliza, kapata yote. Unamwongezea mengine 10 ya namna ileile. Hapo tunamkosea. Atang'amua upesi kwamba kumaliza mapema ni kujitafutia kazi, na wiki ijayo atajivuta. Kumgeuza msaidizi wako kila siku nako si dawa. Kuelekeza wenzake kunamfaa mara mojamoja, lakini naye kaja kujifunza asichokijua. Shule za vipaji maalumu, kina Ilboru, Mzumbe na Kilakala, ni za sekondari. Huyu yuko darasa la sita, na ni wako.

Tubadilishe kazi, tusiirundike. Yale matano magumu yaweke mwisho, kisha litangazie darasa zima: anayetaka aanze na hayo. Akipata manne bila msaada, na njia ikaonekana daftarini, amesamehewa yaliyobaki. Mlango uwe wazi kwa wote, maana ukiteua mwenyewe utateua wenye mwandiko mzuri na wepesi wa kunyoosha mkono, na yule mkimya wa dawati la nyuma hutamwona. Sahihisha papo hapo.

Aliyesamehewa apewe kazi ya mada ileile, ila yenye kina. Tuchukue mkonge wetu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyonusurika safari ni 62. Darasa litafute asilimia: 6.2. Huyu mwulize, kama miche ingeongezeka mara nne kila mwaka, baada ya miaka 5 ingekuwa mingapi? Atapata 63,488. Usimpigie makofi ukaishia hapo, kwa sababu hiyo bado ni kuzidisha tu. Mwulize: katika hesabu hii tumechukulia nini kuwa kweli ambacho shambani hakiwezekani? Sasa atafikiria ardhi, ukame, miche inayokufa, na mkonge wenyewe, ambao hutoa ua mara moja kisha hufa. Jibu hilo halipo nyuma ya kitabu.

Kwenye darasa la watoto 80, tumia kadi. Kata boksi gumu, swali liwe upande mmoja, na nyuma andika madokezo mawili, kamwe si jibu. Kadi moja kwa wiki yatosha. Kazi hii isiingie kwenye alama za ripoti: mtoto aliyezoea 100 akiona 60, kesho atakimbilia maswali mepesi. Mwandikie mstari mmoja wa maoni.

Atakwama, na pengine atalia, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kukwama darasani. Usiharakishe kumwokoa. Dakika 10 zipite kwanza, ndipo ageuze kadi asome dokezo la kwanza. Akikuletea jibu usilo na hakika nalo, mwambie hivyo waziwazi, mkalitafute pamoja wakati wa mapumziko.