Buibui wa Sanduku la Maskini: Kulisoma Kanisa katika Picha za Hogarth

Mabibi na mabwana, jambo hili, kwamba uchakavu wa kanisa katika picha za Hogarth haukuchorwa kwa bahati mbaya, nimelisema mara nyingi hata baadhi yenu mnaweza kunimalizia sentensi, lakini maadamu bado wapo wanaoitazama harusi iliyochorwa na William Hogarth, mchoraji Mwingereza wa karne ya kumi na nane, wakaishia kuwacheka mbwa, nitalirudia. Katika picha ya tano ya mfululizo alioutoa mwaka 1735 kuhusu kijana mponda mali, Tom Rakewell anamwoa bibi kizee tajiri mwenye jicho moja, ndani ya kanisa la Marylebone, London. Waacheni mbwa, mtazame ukutani. Ubao wa Amri Kumi umepasuka, Kanuni ya Imani imeliwa na unyevu, na juu ya sanduku la sadaka ya maskini buibui ametanda utando wake bila kubughudhiwa na mkono wa mtu yeyote.

Najua atasimama mtu aniambie kwamba kanisa lile lilikuwa bovu kweli, ndiyo maana likajengwa upya mwaka 1741. Sawa, lilikuwa bovu. Lakini picha hii ilichongwa kwenye bamba la shaba ndipo ikachapwa, na bamba si kamera: kila uzi wa utando ule ilibidi uchimbwe, mstari kwa mstari, na hakuna fundi anayejichosha hivyo kwa bahati mbaya. Tena Hogarth ameweka humo humo maandishi yanayojigamba kwamba kanisa lilipambwa mwaka 1725. Fedha ya mapambo, basi, ilipatikana. Ya maskini ndiyo iliyokosekana. Na kule nyuma Sarah Young, aliyezaa na bwana harusi, anazuiwa asisogee, mtoto akiwa mikononi. Mwenye haki na sanduku lile ndiye huyo anayesukumwa nje.

Wengine hudai kwamba Hogarth aliichukia dini. Hoja hii hunichosha, kwa sababu asiyezijali Amri hana haja ya kutuonyesha kwamba zimepasuka.

Mwenyekiti ananitazama, kwa hiyo picha yake nyingine ya kanisa, ile ya 1736 ya waumini waliolala, naipitia mbio. Mchanga wa saa iliyo mimbarini umekwisha, na mhubiri, kioo cha kukuzia mkononi, bado anasoma Mathayo 11:28, “nami nitawapumzisha”, mbele ya watu waliokwisha kupumzika. Karani amekazia macho kifua cha msichana aliyesinzia, ambaye kitabu chake kimefunguka kwenye ibada ya ndoa. Kwenye nembo ya ufalme, kaulimbiu isemayo “Mungu na haki yangu” imekosa neno la kwanza, na sidhani kama yupo atakayeniambia kwamba Hogarth aliishiwa nafasi.