Nauli ya Kampala ni Shilingi Ngapi? Muulizeni Konda

Ndugu zangu wa Dar, kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, nauli huko shilingi ngapi?" Nikisema napanda teksi, mnasema najidai. Teksi ya huku ni Hiace jamani! Nikisema ghali, "rudi nyumbani." Leo najibu, halafu mniache.

Huku hakuna mamlaka ya usafiri kama LATRA ya kwetu Tanzania, ya kutangaza nauli. Konda anatazama saa, foleni na wingu. Asubuhi Kireka hadi mjini natoa 2,000 ya Uganda. Jioni mvua ikitanda, gari lile lile, 4,000. Ukigoma, aliye nyuma yako anapanda.

Serikali ikigusa kitu, habari naipata kwa konda. Mwaka 2021 walitaka kila gari lilipe 200,000 kwa mwaka, bodaboda 50,000. Wabunge wakakataa, wakapandisha kodi ya mafuta shilingi 100 kwa lita. Watu wakafurahi. Mimi nikaguna: ile ya mwaka angedaiwa mwenye gari, hii ya lita nakatwa mimi kidogo kidogo kwenye nauli nikiwa nimekaa. Na Juni 2020, teksi ziliporuhusiwa kurudi baada ya zuio la korona, na abiria saba badala ya 14, nauli yangu ilipanda mara mbili. Viti vikaja kujaa tena. Nauli ikashuka kwa aibu tu, haikufika ilikotoka.

Sasa kinachoniuma. Ofisini wanarudisha nauli za kazi, ila kwa risiti. Risiti ya Hiace! Nilimwomba konda, akacheka, akaniandikia kwenye kipande cha boksi la sigara. Mhasibu akakirudisha: hakina namba ya mlipakodi. Nimeandika barua tatu. Miezi miwili sasa.

Lakini msianze "Dar raha." Nauli imepangwa, sawa, daladala likikatisha ruti usiku si unalipa tena gari la pili? Huku unakamuliwa, ila gari linakuja. Ninayemhurumia ni mwanafunzi: kwetu ana nauli yake ndogo ila konda anamkwepa, huku hana nauli yake, analipa kama mimi.

Hayo ni ya kwangu na ruti yangu. Wa Ntinda au Entebbe atawaambia mengine, msije mkanitupia lawama. Mimi kila siku natenga nauli ya mvua. Kukiwa kavu, chenji nanunulia rolex, ile chapati ya mayai. Hapo ndipo mnaponiona nakula barabarani mnasema nina hela.